Kuwatembelea Rasta Jamaika: salamu, chakula, binghi na sheria ya bangi

mkoba_mmoja

Wakuu, naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani. Mimi na mke wangu tunapanga safari ya wiki mbili Jamaika kuanzia katikati ya Aprili. Tutafikia Kingston na kumalizia Montego Bay. Hatuendi kwa ajili ya fukwe. Tunataka kuwaelewa Rasta wenyewe: wanaamini nini, wanaishije, na mgeni akae nao vipi bila kuwakera.

Je, mtu anaweza kuingia kwenye ile ibada ya ngoma, binghi, au lazima awe na mwenyeji? Wanasalimianaje? Chakula cha ital nitakitambuaje, maana nasikia kila kibanda kimepakwa nyekundu, dhahabu na kijani? Bangi ni halali kwa mgeni au la? Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Na mke wangu anauliza avae nini. Nitashukuru kwa majibu ya kina, si ya "nenda tu utaona".

---

ngoma_tatu

Karibu mkuu. Aprili umechagua vizuri sana, sababu yake nitaieleza chini.

Kwanza tulitenge neno lenyewe. Kwetu tukisema "rasta" mara nyingi tunamaanisha nywele, hata zile za kusukia. Ukienda Jamaika na maana hiyo kichwani utapotea siku ya kwanza. Yuko mwenye misokoto hadi kiunoni asiyeamini lolote, kazi yake ni kuwazungukia watalii ufukweni. Na yuko Rasta wa kweli anayenyoa. Kufuga nywele ni nadhiri ya Mnadhiri, Hesabu 6:5, na si nyumba zote, yaani makundi ya Rasta, zinazoidai. Jambo jingine dogo lenye uzito: ukiongea Kiingereza sema "Rastafari", ukome hapo. Usiongeze "-ism" mwishoni. Kwao ism ni mifumo ya Babeli, yaani dunia ya wakandamizaji, na wao hawajihesabu kuwa mmojawapo.

Swali la kwanza kwa mwenyeji wako liwe: wewe ni wa nyumba ipi? Rasta si kanisa moja lenye askofu mmoja. Ziko nyumba kadhaa, jina walilolitoa kwenye Yohana 14:2, "makao mengi". Majibu ya karibu maswali yako yote yanabadilika kufuatana na nyumba, ndiyo maana kila unayemuuliza anakwambia lake.

Nyabinghi ndio wenye kushika mila ya wazee. Kwao Haile Selassie wa Kwanza, aliyevishwa taji Addis Ababa tarehe 2 Novemba 1930, ni Mungu katika mwili. Jina lao limetoka huku kwetu: Nyabinghi ni roho iliyoheshimiwa mipakani mwa Uganda na Rwanda, na kwa jina lake Muhumusa aliwaongoza watu kuwapinga wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Ukilijua hilo na kulieleza kwa utulivu mbele ya mzee wa Kijamaika, mazungumzo yatafunguka yenyewe.

Bobo Ashanti walianzishwa mwaka 1958 na Emmanuel Charles Edwards. Kambi yao iko juu ya kilima Bull Bay, mashariki mwa Kingston. Utawatambua kwa vilemba vilivyofungwa vikakaza na kanzu ndefu. Wanaamini katika watatu: Marcus Garvey (Mjamaika aliyepigania haki za weusi) nabii, Emmanuel kuhani, Selassie mfalme. Wanaomba wakielekea mashariki, na Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Usipange kufika siku hiyo kwa matembezi.

Makabila Kumi na Mawili ya Israeli yalianza mwaka 1968 chini ya Vernon Carrington, wanayemwita Nabii Gad. Hawa husoma sura moja ya Biblia kila siku, na kila mtu ana kabila kwa mwezi aliozaliwa, kuanzia Aprili ambaye ni Reubeni. Februari ni Yusufu, kwa hiyo Bob Marley, mzaliwa wa 6 Februari 1945, alikuwa Yusufu. Hawalazimishi nywele na wanapokea watu wa rangi zote. Kwa mgeni ndio wepesi kuwazoea. Makao yao Kingston yako Hope Road, barabara ileile yenye jumba la makumbusho la Marley.

Kuhusu imani, mambo mawili yatakusaidia. Biblia wanayoinukuu ni ya Kiingereza ya King James. Zaburi 68:31 kwao inasema Ethiopia itanyoosha mikono kwa Mungu. Kwenye Biblia yetu ya Union utakuta "Kushi", kwa hiyo ukifungua ya kwako ili kufuatilia, usiseme wanaongeza neno. Jina Jah nalo liko humohumo, Zaburi 68:4. La pili: usiseme mbele yao kwamba Selassie "alikufa 1975". Wengi hawalikubali kabisa, na kwa jumla habari za kifo na maiti hawazipendi vinywani mwao. Hilo halimzuii mtu kuuliza. Uliza "mnalielewaje jambo hili?", halafu sikiliza.

Sasa Aprili. Tarehe 21 Aprili 1966 Selassie alitua Kingston, na umati ulivunja ulinzi ukaizunguka ndege hata ikabidi Mortimo Planno, mmoja wa wazee wa Rasta, apande ngazi kumsaidia ashuke. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwa binghi, na binghi kubwa hukesha usiku hadi usiku, mara nyingine siku saba. Kituo mashuhuri cha Nyabinghi ni Scotts Pass, parokia (yaani wilaya) ya Clarendon, magharibi mwa Kingston. Mgeni huingia, ila kwa kujitambulisha kwa wazee langoni kabla ya jambo lolote. Mwenyeji hurahisisha, si sharti la kuandikwa, lakini bila yeye utasimama pembeni muda mrefu.

Ngoma ni tatu. Besi, kubwa, hupigwa kwa kirungu chenye kichwa kilichofungwa kitambaa: pigo la kwanza zito, la tatu la chini. Fundeh hushika mapigo ya moyo, mawili-mawili, bila kupamba. Ripita, ambayo pia huitwa kete (kete hii haina uhusiano na ile ya mitaani kwetu, msicheke mbele za watu), ndiyo ndogo yenye sauti ya juu, na ndiyo pekee yenye uhuru wa kucheza. Wageni hukosea hapa: wanaona ngoma iko wazi wanakaa kupiga. Usiiguse mpaka uitwe, na ukiitwa utapewa fundeh. Ukiongeza kasi au pambo, wimbo wote unayumba, kwa sababu waimbaji na ripita wanaegemea mapigo hayo mawili.

Nje ya hema huwashwa moto usiozimwa mpaka binghi iishe. Una mlinzi wake. Usitupe takataka ndani, usiwashie kitu, hata kuni usiongeze mwenyewe. Mwanamume huvua kofia akiingia hemani. Pombe usije nayo, wala nyama, wala kitu chochote cha kopo. Viazi vikuu, nazi, matunda au mzigo wa kuni ni zawadi zinazopokelewa kwa furaha ya kweli.

Salamu: "Greetings", "Blessed love", "Give thanks". Wengine hukwepa "hello" kwa sababu mwanzo wake unasikika kama neno la jehanamu. Ngumi hugusana kisha mkono huwekwa kifuani. Mwanamke huitwa Empress, mzee huitwa Elder au Ras. Utasikia "I and I" mahali pa "mimi" na "sisi". Maana yake ni kwamba Jah yumo ndani ya kila asemaye, ndiyo maana hata ile "I" ya Kirumi mwishoni mwa jina la mfalme huisoma "Selassie Ai", si "wa Kwanza". Usiigize lugha hiyo. Kiingereza chako cha kawaida chenye heshima kinatosha, na Kiswahili chako watakiuliza wenyewe.

---

tui_la_kwanza

Mkuu ngoma_tatu kamaliza mengi. Mimi nashika chungu.

Rangi ukutani hazithibitishi kitu. Ital ni chakula kisichotiwa kemikali wala kupita kiwandani, hakina nyama, na kwa wengi hakina chumvi. Narudia, kwa wengi. Wako wanaokataa chumvi yote, wako wanaokataa ya dukani tu na kutumia ya bahari. Samaki vilevile: wengine hawali kabisa, wengine hula wenye magamba, kwa mujibu wa Walawi 11, na wasiozidi futi moja, karibu sentimita 30, kwa sababu samaki mkubwa hula wadogo kama Babeli inavyofanya. Nguruwe, kamba, kaa na chaza kwa kawaida hawavili.

Kwa hiyo kibandani usiulize "ni ital?" Watasema ndiyo. Uliza: kuna unga wa supu wa paketi ndani? Chungu hiki kilipikiwa nyama jana? Mitego mikubwa ni mitatu. Supu ya "red peas" ni ya maharage mekundu (Jamaika maharage huitwa peas), na kawaida huchemshwa na mkia wa nguruwe au nyama ya chumvi. Patty (kitafunwa cha kuoka chenye kujazwa, mfano wa sambusa) ya mboga inaweza kuwa na ukoko uliokandwa kwa mafuta ya ng'ombe. Na wali wa maharage wa hotelini mara nyingi hutiwa siagi.

Mengi mnayajua kwa majina mengine. Callaloo yao ni mchicha. Breadfruit ni shelisheli, dasheen ni magimbi, yam ni viazi vikuu. Scotch bonnet ni ndugu wa pilipili mbuzi.

Mkialikwa kupika, na kupika pamoja ndiyo njia bora ya kukaa nao, hiki ndicho chungu cha watu wanne. Maharage mekundu makavu gramu 250, yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Yachemke kwa nguvu dakika 10 bila kupunguza moto, kwa sababu maharage haya yakiiva kwa moto mdogo tangu mwanzo hubaki na sumu inayotapisha. Kisha punguza hadi yalainike. Nazi mbili: tui zito liweke kando, tui jepesi, kama lita moja, litie kwenye maharage. Hapo tia thaimu vijiti vinne, punje nane za pimento (allspice), vitunguu majani vitatu vilivyopondwa, vitunguu saumu punje nne. Viungo vinaingia mapema, hili ndilo la msingi. Chungu kisicho na chumvi kinapata ladha kwa muda. Anayetia thaimu mwishoni anapata maji ya nazi yenye majani. Halafu nusu kilo ya viazi vikuu, nusu kilo ya magimbi, ndizi mbichi tatu, na boga robo kilo, nusu yake ikatwe vipande vidogo vimumunyike na kuongeza uzito wa mchuzi. Pilipili moja, nzima, na kikonyo chake, ielee juu. Itoe kabla ya kukoroga. Ikipasuka hakuna dawa. Kuongeza maji kunaharibu tui na ukali haupungui. Tui zito ni dakika kumi za mwisho, moto mdogo, bila mfuniko. Likichemka kwa nguvu linakatika.

Wengi wenye msimamo hawapikii sufuria ya alumini. Chungu cha udongo au cha chuma, na bakuli la kibuyu. Usiwapelekee sufuria kama zawadi.

Tahadhari moja ya uhai: tunda la ackee. Lisichumwe kabla halijapasuka lenyewe mtini, na huliwa ile nyama ya manjano tu, mbegu nyeusi na utando mwekundu hutupwa. Bichi ni sumu, linaweza kuua. Usilichume barabarani hata kama linavutia.

---

bi_kilemba

Dada yetu anauliza avae nini, nami namjibu yeye moja kwa moja, maana wanaume mkijibu hili mnasema "avae kwa heshima" basi.

Sketi au gauni linalopita magoti, afadhali lifike vifundoni. Suruali, hapana, kwenye ibada ya Nyabinghi na kwa Bobo. Mikono ifunikwe hadi kiwiko walau. Kichwa kifunikwe nywele zote zisionekane. Skafu ya kuning'inia inayoanguka kila ukiinama haitoshi, funga kilemba. Pakia vitambaa viwili vya pamba, kila kimoja kama mita moja na nusu, kwa sababu joto la Kingston litakulowesha kimoja kabla ya adhuhuri. Vipodozi vizito acha. Katika mikutano ya Makabila Kumi na Mawili masharti ni mepesi zaidi, lakini gauni refu halitakukosesha popote.

Kwa Bobo, dada, kuna jambo ambalo ni bora ulijue kabla hujapanda kilima: mwanamke aliye katika siku zake haingii kwenye maeneo matakatifu, na langoni unaweza kuulizwa waziwazi. Hawakuulizi kukudhalilisha, kwao ni sheria ya Walawi 15, na wanawake wao wenyewe huishika kwa kujitenga. Ukiona huwezi kulikubali swali hilo, usiende, na hakuna atakayekulaumu. Ukiamua kwenda, hesabu tarehe zako kwanza. Nayasema haya kwa uwazi kwa sababu wanawake wengi husafirishwa hadi langoni na madereva wasiowaambia kitu, kisha wanabaki kwenye gari saa mbili juani.

Ngoma katika ibada hupigwa na wanaume. Wanawake huimba na kutikisa kayamba, na uimbaji ndio unaobeba usiku wote, kwa hiyo msiuhesabu kuwa kazi ya pembeni. Hapo utakaa na wanawake wenzako, si na mumeo.

Picha: simu ikae mfukoni mpaka mzee aseme. Wazee wana sababu. Mwaka 1963, baada ya tukio la Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi na jeshi waliwakamata Rasta kisiwa kizima, wakawapiga, wakawafunga na kuwakata nywele kwa nguvu. Serikali iliomba radhi mwaka 2017. Aliyepitia hayo hafurahii mgeni anayemsogelea na lenzi au kunyoosha mkono kumshika nywele. Nywele usiziguse, hata za mtoto.

---

sheria_mkononi

Bangi. Soma polepole, maana hapa wageni hupoteza fedha na uhuru.

Jamaika haijahalalisha bangi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2015 ilipunguza adhabu. Ukikutwa na wakia mbili au chini yake, yaani gramu 56.6, hukamatwi, unaandikiwa karatasi ya faini ya dola 500 za Jamaika, na unalipa ofisi ya kodi ndani ya siku 30. Usipolipa, unapelekwa mahakamani. Ikizidi wakia mbili ni kosa la jinai. Kuvuta hadharani ni kosa hata kama una kidogo. Kila nyumba inaruhusiwa miche mitano, lakini hilo halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kukuuzia.

Rasta wana kifungu chao: mtu mzima wa imani hiyo anaitumia kama sakramenti mahali pa ibada. Wewe kukaa karibu naye hakukufanyi Rasta. Waandaaji wa sherehe ya Rastafari wanaweza kuomba ruhusa ya serikali, na sherehe ikitangazwa kuwa na msamaha, waliohudhuria hawashtakiwi kwa kuvuta hapo. Uliza waandaaji kama barua ipo. Mgeni anayetumia kwa tiba anaweza kuomba kibali cha kununua hadi wakia mbili kwenye duka lenye leseni, akionyesha au kuapa kwamba ameandikiwa na daktari. Uwanja wa ndege hakuna kibali kinachofaa kitu. Kagua mifuko, kagua hata mbegu zilizonasa kwenye pindo. Kuvusha mpaka ni kosa kubwa, na katika nchi mtakayobadilishia ndege huenda ni kubwa zaidi.

Kuhusu adabu: kiko cha maji cha binghi, chenye kibuyu au pembe, kibakuli cha udongo juu na maji ndani, hakizunguki kama sigara. Huombewa kwanza, kofia zikavuliwa. Kikipita kwako na hutaki, gusa kifua, sema "give thanks", kipishe. Hakuna anayekasirika, kwa sababu wapo Rasta wasiovuta. Kibaya ni kuomba. Rasta hapendi kuonwa kama duka.

---

mkoba_mmoja

Nimeshukuru sana, wakuu, na bi_kilemba mke wangu anakushukuru kwa jina. Tumeshapanga Bull Bay siku ya Jumanne. Dereva wa teksi tumwambie "Nine Mile"? Nimeona jina hilo mahali fulani. Na Montego Bay tufanye nini?

---

ngoma_tatu

Hapana! Vizuri umeuliza. "Nine Miles" ya Bull Bay inaitwa hivyo kwa umbali wake kutoka Kingston, pwani kuelekea mashariki. Nine Mile ya parokia ya St. Ann ni kijiji cha milimani alikozaliwa na kuzikwa Bob Marley, safari ya saa kadhaa upande mwingine. Dereva akisikia mgeni anasema Nine Mile atakupeleka St. Ann, na nauli ni ya siku nzima. Sema: "Bobo Hill, Bull Bay". Muulize bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kufunga mlango, na mwambie atawaacha chini, kwani sehemu ya juu ni ya kupanda kwa miguu. Fikeni asubuhi.

Langoni msingoje kuonekana. Simama, sema majina yenu na mnakotoka, kisha fuateni mtakavyoelekezwa kuhusu kugeukia mashariki na kupiga magoti kwa maombi. Kama kupiga magoti kunapingana na dini yenu, semeni hapohapo langoni, msingoje hadi mfike ndani.

Montego Bay kuna Rastafari Indigenous Village, kijiji kinachopokea wageni kwa miadi na kwa ada. Hapo ngoma, bustani ya dawa na chungu cha ital hufafanuliwa na wenyewe. Njia ya kuingia inapita mtoni, vaeni viatu vinavyostahimili maji. Wapo wanaokidharau kwa sababu ya ada. Mimi naona fedha ikibaki kwa Rasta wenyewe ni afadhali kuliko kwa wakala wa hoteli. Na kama Ijumaa Kuu itaangukia ndani ya wiki zenu, ulizieni maadhimisho ya Coral Gardens. Hufanyika upande huohuo, na wazee waliobaki huzungumza.

---

bi_kilemba

Nyongeza kwa dada: Bull Bay juani, sketi ya rangi nyepesi, shimizi ndefu ndani ili miguu isionekane mwanga ukipita. Na maji ya kunywa beba, dukani chini ya kilima hununui tena ukishapanda.